Viatu Vilivyokagua Walimu Miaka Tisa

Mkuu wa shule alikuwa na fomu aliyoipenda kuliko picha yake ya harusi. Ilikuwa fomu ya tathmini ya mwalimu, kurasa nne, visanduku arobaini na viwili, na kila kisanduku alikijua kwa sura. Cha kwanza kiliuliza kama mwalimu amefika kwa wakati. Cha ishirini kiliuliza kama ubao umefutwa vizuri au ovyo ovyo. Cha mwisho, kile kikubwa chenye mistari kumi, kiliuliza: Msaada uliotolewa na mkuu kwa mwalimu. Hapo, kwa miaka tisa, kwa walimu wote, wazuri na wabovu, aliandika neno moja tu. Aliandika "Ajitahidi", akatia nukta, akapiga muhuri, akaenda kunywa chai.

Usije ukamwona mtu mbaya. Alikuwa mwema, mnene kiasi, mwenye leso mbili mfukoni, moja ya jasho na moja ya kufutia miwani, na aliwajua wanafunzi mia sita kwa majina bila kufungua daftari. Zamani alifundisha hisabati, na waliosoma kwake wanasema alikuwa moto. Lakini alipopewa ofisi alipewa na meza, na meza ikapewa mafaili, na tangu hapo chaki aliishika tu alipokuwa akiihesabu stoo. Kazi yake kubwa ikawa kukagua. Kila muhula alikagua, na kila muhula aliridhika.

Aliridhika kwa sababu, ukimsikiliza yeye, shuleni kwake hapakuwa na mwalimu mvivu. Kila darasa aliloingia alikuta wanafunzi wameketi wima, tarehe iko ubaoni, chati iko ukutani, na mwalimu yuko katikati ya sentensi nzuri. Mwalimu wa historia ndiye aliyemfurahisha zaidi. Mara nne alimkuta akifundisha somo lile lile la jinsi binadamu wa kale walivyogundua moto, na mara nne alimpa tisini na nne kwa mia. Alimsifu hata kikaoni, kwamba huyu ni mtu asiyeliacha somo mpaka lieleweke.

Siri yenyewe ilikuwa viatu. Alivinunua wiki aliyopewa ukuu, vyeusi, soli nene kama msahafu, na tangu siku ya kwanza vilikuwa na maneno. Cha kushoto kilisema nywii. Cha kulia kilisema nywaa. Shule nzima, kuanzia darasa la kwanza hadi mlinzi wa getini, walimwita Bwana Nywii, na yeye peke yake hakujua, maana masikio yake yalishazoea. Kutoka mlango wa ofisi hadi darasa la kwanza kwenye korido palikuwa na hatua thelathini na moja. Hatua thelathini na moja ni muda mwingi kwa mtu mwenye nia. Gazeti hukunjwa, chati hutundikwa, aliyelala hutikiswa, na binadamu wa kale huanza upya kupekecha vijiti.

Wakati huo aliyeteseka na viatu hivyo ni mwalimu mmoja tu, yule mpya wa hisabati wa darasa la tano. Alikuwa binti mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyeajiriwa kwa majaribio. Darasa lake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye korido, kwa hiyo yeye alisikia nywii, nywaa kwa hatua sabini nzima, na kwa hatua zote sabini hofu ilimpanda kutoka magotini kwenda juu. Mkuu alipofika mlangoni, hofu ilikuwa tayari imefika kwenye ulimi. Ukaguzi wa kwanza aliandika tarehe ubaoni mara tatu, akaizidisha. Ukaguzi wa pili aliwauliza wanafunzi nusu jumlisha nusu ni ngapi, wao wakanyamaza kwa kumwonea huruma, na yeye mwenyewe akajibu, "Asanteni."

Mkuu aliketi kwenye dawati la nyuma, akaandika alichokiona. Hafai, kwa wino. Ajitahidi, kwa wino.

Lakini roho haikumtulia. Siku nyingine akiwa ofisini, dirisha wazi, alisikia darasa la tano likicheka kwa vishindo, kisha likipiga hesabu kwa sauti moja, kisha likicheka tena. Alama za darasa hilo zilikuwa zimepanda kama maziwa jikoni. Mwalimu asiyefaa anapandishaje alama? Na sasa palibaki ukaguzi wa tatu, wa mwisho. Bahasha ilitakiwa ofisi ya elimu Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ripoti ya tatu ikiwa mbaya, binti angefungasha virago na kurudi kwa mama yake, ambaye alishawatangazia majirani wote, hata wale asiosalimiana nao, kwamba mwanawe ni mwalimu.

Jumatano jioni mkuu alirudi nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa anamalizia mkono wa gauni, na chai ilikuwa mezani, inafuka moshi.

"Kila siku nakuta imemiminwa," mkuu akasema akiketi. "Kwani unajuaje kama nimefika?"

"Si nakusikia."

"Unasikia nini na mimi sijabisha hodi?"

"Viatu, baba watoto. Ukiwa kwenye kona ya duka la mkaa nabandika maji. Ukifika mferejini natia majani. Ukikanyaga kibaraza namimina. Nywii, nywaa. Tangu umekuwa mkuu sijakosea hata siku moja."

Mkuu aliweka kikombe chini polepole. "Ina maana na shuleni wananisikia?"

"Shuleni?" Mke wake alicheka mpaka cherehani ikasimama. "Mume wangu, wanafunzi wako wanapita hapa wanakuigiza! Kuna mmoja anapiga nywaa vizuri kuliko kiatu chenyewe. Mimi nilidhani unapenda."

Mkuu alivua kiatu cha kulia, akakiweka sikioni kama simu, akakikunja. Nywaa, kikamjibu. Akawaza chati zile, migongo ile iliyonyooka, moto ule uliogunduliwa mara nne. Kichwa kikamzunguka.

"Sasa miaka yote hii nimekuwa nikikagua nini?"

"Viatu," mke wake akasema, akakata uzi kwa meno. "Na kwa kweli vimefaulu."

Alhamisi saa tatu asubuhi mkuu alifunga mlango wa ofisi, akavua viatu, akavisukuma chini ya meza kwa adabu, akachukua fomu na kalamu, akatoka korido kwa soksi. Soksi zilikuwa za kahawia, na ya kulia ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilikuwa kimelifanya dirisha. Alitembea kwa ncha za vidole, fomu kifuani, akijiona mwepesi kama paka. Hakuwa mwepesi kama paka.

Hatua ya kumi na mbili akakutana na mama wa usafi, aliyekuwa anapiga deki. Mama yule alimtazama miguu, akaacha mti wa deki ukaanguka.

"Mungu wangu, Mkuu! Wameviiba?"

"Shhh!"

"Umepata msiba?"

"Sijapata msiba, mama. Niko kazini."

"Basi pole na kazi," akasema mama, naye akahamishia ndoo pembeni, lakini maji yalishatangulia. Mkuu akakanyaga dimbwi, soksi zikanywa. Tangu hapo badala ya nywii alikuwa anasema plochi, ila plochi hakuna aliyeifahamu.

Akapita dirisha la mwalimu wa historia. Ndani mwalimu alikuwa ameegemea kiti, miguu juu ya meza, gazeti usoni, na gazeti lilipanda na kushuka kwa pumzi. Wanafunzi walikuwa wanacheza mdako chini. Kwenye dirisha alikaa msichana mmoja aliyepewa kazi ya kusikiliza. Msichana akamwona mkuu, umbali wa rula moja. Wakatazamana. Msichana akatega sikio kuelekea ofisini, hakusikia nywii, hakusikia nywaa, akaridhika kwamba mkuu hajaja. Akamwamkia, "Shikamoo," akaendelea kusikiliza.

"Marahaba," mkuu akanong'ona, akaendelea na safari. Tisini na nne kwa mia!

Nje ya darasa la tano alichuchumaa chini ya dirisha, na hapo ndipo aliposikia kile kicheko kwa karibu. Binti alikuwa amegeuza darasa duka. Juu ya meza palikuwa na mche wa sabuni ya kufulia, naye anaukata kwa uzi, na kila mwanafunzi aliyekuja mbele alikuja na uchafu wake: mmoja ameangukia matope, mwingine amekaa kwenye gundi, wa tatu anadai ameoga lakini hakuna anayemsadiki. Kila mmoja anataka kipande, na kila kipande ni hesabu. Binti alikuwa anauliza, anatania, anasahihisha, anamrudia aliyebaki nyuma. Yule aliyeitwa mzito kuliko wote alipata jibu, darasa likampigia makofi. Mkuu pale chini, magoti yanamuuma, alitabasamu peke yake. Akakumbuka alivyokuwa akifundisha hivyo hivyo, zamani.

Lakini fomu ilikuwa na sharti: mkaguzi awe ndani ya darasa, ameketi, si chini ya dakika thelathini. Kuchuchumaa dirishani hakukuandikwa. Basi akapiga moyo konde, akasimama, akafungua mlango. Hakuna aliyeshtuliwa na viatu, akajisemea, kwa hiyo mambo yatakwenda sawa.

Mambo yalikwenda mrama. Binti alimwona, akaona fomu, uzi ukamponyoka. Mkuu akaketi dawati la nyuma, magoti yakagusa kidevu, akamwashiria aendelee. Binti akawageukia wanafunzi.

"Darasa," akasema, "leo tutajifunza... leo."

Akajaribu tena. "Leo ni leo." Kisha akaja hadi nyuma, akainama, machozi yakimlengalenga. "Mkuu, naomba unisamehe. Najua kufundisha, wallahi najua. Ila ukikaa hapo na hiyo karatasi, kichwa changu kinafunga kama duka."

Hapo mkuu angeweza kusema jambo la maana. Badala yake alisema jambo la kijinga, na mimi nashukuru alilisema.

"Lakini mwalimu, cha kuogopa hapa ni nini? Mtu amekaa tu! Hebu kaa wewe. Shika fomu, shika kalamu. Nikuonyeshe."

Akajinasua dawatini, akaenda mbele plochi, plochi, na darasa zima likaona kidole gumba. Akachukua chaki. Miaka tisa! Akaandika kwa mwandiko mzuri: nusu gawanya kwa robo. Akageuka na kufungua mdomo, na papo hapo, kutoka nyuma, akasikia kalamu. Kwaru, kwaru, kwaru.

Anaandika nini?

Jasho likamtoka. Akatoa leso, akakosea leso, akafuta miwani kwa ile ya jasho, na darasa likawa ukungu. Akageukia ubao, chaki ikakatika. Kwaru, kwaru.

"Jibu," akasema, "ni... moja ya nane."

Msichana wa dawati la mbele, mwenye pengo, akanyoosha mkono kwa upole. "Mkuu, hapo umezidisha."

"Nimezidisha nini?"

"Umezidisha badala ya kugawanya."

"Aa. Nilikuwa nawapima."

"Ehee," darasa likasema pamoja, kama watu wanaomkubalia mgonjwa.

Mkuu alitazama ubao. Hesabu aliijua, aliijua kabla watoto hawa hawajazaliwa, lakini ilikuwa imekaa mbali, ng'ambo ya kelele ya ile kalamu. Na ghafla akakumbuka kitu alichokuwa amekizika. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, suruali ya kuazima, mkuu wake wa kwanza amekaa nyuma akikohoa, na chaki ikimkatikia hivi hivi. Siku ile alijiapiza kwamba akiwa mkubwa hatamfanyia mtu hivyo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Jibu sahihi," akasema kwa sauti ya kufa, "ni asanteni."

Hakuna aliyecheka. Ile kalamu ikanyamaza. Kisha miguu myepesi ikaja kutoka nyuma, na mwalimu mpya akasimama kando yake.

"Mkuu," akasema polepole, "naomba nikusaidie."

Akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye dawati la mbele kabisa, pembeni ya msichana mwenye pengo. Akachukua nusu mche wa sabuni, akauinua juu.

"Darasa! Huyu mzee amekuja dukani kwetu. Mtazameni miguu. Anatoka wapi?"

"Kwenye deki!"

"Kuosha mguu mmoja wa namna hii kunataka robo mche. Sisi tumebakiwa na nusu mche. Atatakata miguu mingapi?"

"Miwili!"

"Kwa hiyo nusu gawanya kwa robo?"

"Mbili!"

"Na tukimpa robo tatu?"

"Mitatu!"

"Ana miguu mitatu?"

"Aazime mmoja wa mwalimu wa historia!" akapaza sauti mtu mmoja, na darasa likaanguka kwa kicheko, na mkuu akacheka nalo, machozi yakamtiririka, akayafuta kwa leso sahihi. Binti alishawaka. Alikuwa anaruka kutoka thuluthi kwenda sudusi, anakata sabuni, anamtuma mkuu ubaoni na kumrudisha, anamkemea, "Mzee, usiharakishe, tunakusubiri." Alisahau kabisa kuogopa, maana alikuwa na mtu wa kuokoa. Mkuu alipata hesabu saba kati ya nane. Ya nane alinong'onezwa na msichana mwenye pengo.

Kengele ilipolia, dakika arobaini zilikuwa zimekwisha, na mkuu alikuwa ameketi. Binti akakumbuka yuko wapi. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Mkuu... nimeandika kwenye fomu yako. Kwa wino. Nilidhani natakiwa."

Fomu hutolewa moja tu kwa kila ukaguzi, ina namba, na chini kabisa imeandikwa kwa herufi nene kwamba kufuta au kukata hakuruhusiwi. Mkuu aliikunja bila kuisoma, akamshukuru, akarudi ofisini plochi, plochi, akajifungia.

Visanduku arobaini na kimoja vilikuwa vitupu. Binti hakuvigusa. Alikuwa ameandika kwenye kile cha mwisho tu, cha msaada, kwa mwandiko wa haraka: "Mwalimu huyu anajua anachofundisha ila anaogopa. Asiachwe peke yake pale mbele. Asaidiwe sasa hivi, si muhula ujao."

Mkuu alivuta mafaili ya miaka tisa, akafungua ukurasa wa nne wa kila fomu. Ajitahidi. Ajitahidi. Ajitahidi. Kulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyeacha kazi mwaka wa tatu. Naye alijitahidi, kwenye karatasi. Kulikuwa na mwalimu wa kuimba aliyelia chooni baada ya ukaguzi, wakamwambia mkuu ana mafua. Alifunga mafaili. Alijisikia mdogo, na tuseme ukweli, alistahili.

Kisha akachukua kalamu, akajaza visanduku vyote kwa haki. Chini ya maneno ya binti ilibaki mistari sita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuifikia. Akaandika: "Mwalimu anayeogopa hapo juu ni mimi. Aliyenisaidia ni yule mnayengoja kuambiwa kama anafaa. Anafaa. Ripoti zangu mbili za mwanzo zilipima viatu vyangu, naomba zisihesabiwe." Akapiga muhuri, na Ijumaa saa nne akaipeleka bahasha mwenyewe, nywii, nywaa, mtaa mzima ukijua kwamba inakwenda.

Wiki mbili hakupata usingizi mzuri. Mtu anayeandika kwenye karatasi ya serikali kwamba anaogopa anaweza kupoteza ofisi, meza na muhuri. Binti naye kila bahasha ikifika alikuwa anashika ukuta. Jibu lilikuja Jumanne. Mstari wa kwanza ulisema mwalimu wa hisabati amethibitishwa kazini kuanzia tarehe ya barua. Mstari wa pili ulisema: Kuhusu mkuu wa shule, ajitahidi.

Mkuu aligeuza barua aone kama nyuma kuna zaidi. Hakukuwa na kitu. Aliikagua bahasha kwa ndani. Tupu. Akatafuta ndani ya neno lile kitu cha kushika, asikione, akaelewa kwamba miaka tisa amekuwa akiwapa watu bahasha tupu.

Akainuka, akavaa viatu vya raba alivyoshonewa kamba na mke wake, akaingia chumba cha walimu bila hata sauti moja. Waliruka. Mwalimu wa historia, mkate mdomoni, akasimama wima na kuanza, "Binadamu wa kale walipogundua moto..."

"Kaa, mwalimu," mkuu akasema. "Wewe tutaongea kesho, taratibu, mimi na wewe. Moto tumeshauelewa."

Akamkabidhi mwalimu mpya barua. Binti akasoma, akapiga kelele, akamkumbatia mama wa usafi aliyekuwa karibu, akatoka nje kumpigia mama yake simu, na huyo mama, tunaambiwa, alifika kwa majirani kabla simu haijakatika. Aliporudi, alimkuta mkuu amevuta kigoda kando ya meza yake na daftari jipya magotini, anazungusha kalamu.

"Mwalimu, kesho saa tatu naomba kipindi chako kimoja, nifundishe mimi. Nakuomba ukae nyuma."

"Na fomu, Mkuu?"

"Fomu iache," akasema. "Ukiona nimekwama, usiandike. Inuka, uje."